Adabu ya Mkono: Sanaa ya Kujilinda katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Kila ifikapo Julai, watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huuadhimisha Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hukabiliana uwanjani, mikononi wameshika vipande vya mgomba, wakapigana mbele ya macho ya watu wote. Wanawake hupita wakiimba, kibanda cha makuti huchomwa moto, kisha hao waliokuwa wakipigana hukaa wakala pamoja. Kwa upande wake kirumbizi, mchezo wa fimbo unaojulikana katika mwambao wetu, una ngoma na zumari, na wawili wanaoingia uwanjani hupimana kwa mdundo. Yote mawili yanathibitisha kwamba wahenga wa visiwa na pwani hawakudhani kuwa binadamu anaweza kuishi bila ya kutamani kupigana. Walichokifanya ni kuutafutia ugomvi siku yake, uwanja wake na mashahidi wake, ili utakapokwisha uwe umekwisha kweli.

Ng'ambo ya mkondo wa bahari, katika Dar es Salaam, hali ilikuwa nyingine. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliukuta mji huo una wakaazi wasiozidi laki tatu. Ile ya mwaka 2012 ilikuta wilaya ya Kinondoni peke yake ina watu 1,775,049 na Temeke 1,368,881, na ile ya 2022 iliupa mkoa mzima zaidi ya watu milioni 5.3. Waliojenga Manzese na Tandale, Mwananyamala na Keko, Tandika na Mbagala, walitoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na mila zake. Mmakonde alijenga ukuta kwa ukuta na Mnyamwezi, na Mzaramo mwenye ardhi akawa jirani wa wote. Watani walikuwapo na misikiti na makanisa yalikuwapo, lakini hapakuwa na uwanja mmoja wa mila ambapo kijana wa mtaa mzima angefunzwa lini mkono unyanyuke na lini ushuke. Ikawa lazima uwanja huo utafutwe kwingine, na historia ya sanaa za kujilinda katika vitongoji hivyo ni historia ya utafutaji huo.

Zilizotangulia ni ndondi, ambazo watu wa bara hupenda kuziita ngumi au masumbwi. Zilikuja na ukoloni, zikalelewa katika kambi za askari, na baada ya uhuru zikaendelea kulelewa na majeshi ya taifa jipya: jeshi la wananchi, polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa. Hazikuchukua muda kuzaa matunda. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Titus Simba alipata medali ya fedha katika uzito wa kati. Mwaka 1972 Habibu Kinyogoli aliiwakilisha Tanzania katika Olimpiki ya Munich, uzito wa unyoya. Mwaka 1998, Kuala Lumpur, Michael Yombayomba akarudi na medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzito wa bantam.

Medali hizo zinastahiki kukumbukwa, lakini kwa makala haya lina uzito zaidi jambo alilolifanya Kinyogoli baada ya kutundika glovu zake. Alirudi kwa vijana wa jiji akawa mwalimu wao, na kazi hiyo akaishika kwa miongo. Bingwa hushinda siku moja mbele ya maelfu. Mwalimu kazi yake ni ya kila jioni, mbele ya watoto kumi ambao watano kati yao kesho hawatarudi. Ukoo wa Matumla nao ulionyesha njia hiyo kwa namna yake: Rashid, aliyecheza Olimpiki za 1988 na 1992 kabla ya kuvaa mkanda wa dunia wa WBU katika ngumi za kulipwa, hakuwa peke yake nyumbani kwao, ndugu zake nao walikuwa mabondia. Ufundi ukapita kutoka mkubwa kwenda mdogo kama unavyopita ushoni au uvuvi.

Anayetaka kuujua ulingo wa kitongoji asiutafute kwenye picha za magazeti. Aghalabu ni ua wa nyumba, au ukumbi wa baa kabla wateja hawajafika, au kiwanja cha tawi la chama. Gunia limejazwa vitambaa na mchanga, likaning'inizwa juu ya boriti. Glovu ni jozi mbili kwa watu ishirini, kwa hiyo anayengoja hufunza miguu yake. Kwanza ni mbio za alfajiri kabla magari hayajazidi barabarani, kisha kuruka kamba, kisha kupigana na kivuli. Majuma hupita mwanafunzi hajaruhusiwa kumgusa mtu. Anafunzwa kusimama, kuficha kidevu, kuvuta pumzi, kurudi nyuma. Kijana aliyekuja kwa hasira ya kupigwa mtaani hugundua kwamba anayempiga kila siku ni uchovu wake mwenyewe. Wengi huacha hapo. Wanaobaki huwa wamekwisha kujifunza somo la kwanza, nalo ni kwamba hasira humaliza pumzi.

Karate ilifika kwa njia nyingine kabisa, na njia hiyo ina siasa ndani yake. Dar es Salaam ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika na kimbilio la Wamarekani weusi waliochoshwa na kwao. Robert F. Williams, aliyejulikana kwa kuwahimiza watu weusi wa Marekani wajilinde kwa silaha pale sheria isipowalinda, aliishi Tanzania kabla ya kurudi kwao mwaka 1969. Pete O'Neal wa chama cha Black Panther aliingia nchini mwaka 1972 akalowea upande wa Arusha. Juni 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mwenyeji wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika. Katika hewa hiyo, neno kujilinda halikuwa na maana ya kumkwepa kibaka tu. Lilikuwa na maana ya mtu mweusi kusimama wima.

Ndipo alipokuja Mmarekani mweusi mwingine, Nantambu Camara Bomani, ambaye katika miaka hiyo ya 1970 alianza kufundisha karate ya Goju-ryu ya Okinawa katika skuli ya Zanaki, katikati ya jiji. Mtindo huo uliasisiwa na Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki 1953, na jina lake linakusanya vitu viwili: go, ugumu, na ju, ulaini. Wanafunzi wa Zanaki waliporudi makwao walirudi na mafunzo hayo, na waliofuata baada yao wakayafikisha vitongojini. Hivyo sanaa iliyozaliwa katika kisiwa cha Mashariki ya mbali iliingia uswahilini ikiwa imepitia mikono ya mjukuu wa Waafrika waliouzwa ng'ambo ya Atlantiki. Safari kama hiyo hata mtunga tenzi angesita kuibuni.

Wakati huohuo sinema zilikuwa zikifanya kazi yao. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na mwezi uliofuata filamu yake maarufu kuliko zote, Enter the Dragon, ikaanza kuonyeshwa duniani. Ndani yake alikuwamo mcheza karate mweusi, Jim Kelly. Kuanzia Empire ya Dar es Salaam hadi Cine Afrique ya Unguja, vijana walijazana kumwangalia mtu mwembamba, asiye na bunduki, akiwashinda wenye nguvu na mali. Miaka ya 1980 vibanda vya video vilipoenea mitaani, hata aliyekuwa mbali na mjini akaweza kuona. Watoto wakarusha mateke vichochoroni na kuunganisha vipande viwili vya mti kwa mnyororo.

Lakini macho hayafundishi mkono. Filamu humwonyesha mtu akipiga. Haimwonyeshi miaka aliyokaa bila kupiga. Waliotoka sinema wakaingia dojo walikutana na jambo lisilofanana na sinema. Walikuta kupiga magoti na kuinama mbele ya mwalimu, kufagia sakafu, kurudia hatua moja mara mia. Walikuta Sanchin, zoezi ambalo mtu husonga polepole, misuli imekazwa, pumzi ikisikika, na mwalimu akimgonga mabegani na mapajani kuupima uthabiti wake, naye asijibu. Walikuta pia kanuni ambayo Gichin Funakoshi aliwaachia wana karate, kwamba mwenye sanaa hii haanzi yeye.

Kiswahili kilikuwa na la kusema hapa. Katika kitenzi kujilinda, kiambishi kidogo -ji- humfanya mtu mmoja awe mlinzi na mlindwa. Kitenzi hakisemi adui ni nani. Kinaacha mlango wazi kwa maana ya pili, ile ambayo wazee huikusudia wanapomwambia kijana anayesafiri, "Ujilinde, mwanangu." Hawamwambii akapigane. Wanamwambia ajizuie, ajichunge, asijiaibishe. Walimu wa vitongoji, wengine hawakuwahi kusoma kitabu kimoja kuhusu Okinawa, waliipata maana hiyo katika lugha yao, na kwa hiyo mafunzo ya kigeni hayakuwa mageni. Kijana aliyesikika amepigana baa aliadhibiwa au kufukuzwa dojo. Mzazi aliyekuja kulalamika alisikilizwa. Mkanda mweusi ukawa dhamana ya tabia.

Visiwani historia ilichukua mkondo mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, katika enzi ya Abeid Amani Karume, ndondi zilipigwa marufuku Zanzibar. Marufuku hayo yalidumu kwa zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 2022 yalipoondolewa chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Muda wote huo Mzanzibari aliyetaka ulingo hakuwa na njia ila kuvuka bahari na kuwa mgeni wa vitongoji vya Dar es Salaam. Sanaa nyingine hazikufungiwa: karate ilikuwa na wafuasi wake, na katika miaka ya 1990 Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliifundisha judo Unguja ikaota mizizi. Marufuku yaliweza kuuondoa ulingo, lakini hayakuweza kuiondoa haja iliyompeleka kijana ulingoni. Haja hiyo iliabiri boti, au ilijificha.

Na ikijificha, hutokea kwa sura mbaya. Januari 2015 uvumi kuhusu genge la vijana waliojulikana kama Panya Road uliwafanya watu wa Dar es Salaam wakimbie na kufunga maduka. Mwaka 2022 jina hilo likarudi, safari hii na mauaji. Wengi wa waliotajwa walikuwa wa umri uleule wa wanaoruka kamba katika nyua za Manzese na Keko, na walitoka mitaa ya namna ileile. Itakuwa ni uongo kudai kwamba gunia la mchanga lingewaokoa wote. Njaa haiondolewi kwa ngumi, na zimo kumbi zilizotoa watu wabaya. Mwili uliofunzwa ni bidhaa: mwenye baa anauhitaji mlangoni, mwenye deni anauhitaji akadai, na mwanasiasa anauhitaji wakati wa uchaguzi. Kila mwalimu wa kitongojini anajua kwamba yule anayemfunza bure leo, kesho atafuatwa na mtu mwenye fedha.

Ndiyo maana swali la nani anafundisha ni kubwa kuliko swali la mtindo gani unafundishwa. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vyama vya michezo vimekuja na kugawanyika mara nyingi tangu hapo. Wenye kuushika mkono wa mtoto, hata hivyo, ni watu wasio na mshahara, wanaotoka kazini wakaenda kiwanjani. Viwanja navyo vinapungua. Jiji linapokua, mahali pa wazi ndipo panapoonekana kwanza na mwenye kutaka kujenga. Wazee wamesema samaki mkunje angali mbichi, lakini anayekunja naye anahitaji mahali pa kusimama.

Mwaka 2023 ulingo ulisimamishwa katika Uwanja wa Mao Tse Tung, Unguja, na mabondia kutoka Bara wakavuka bahari kuja kupigana mbele ya watu ambao wazazi wao walizisikia ndondi kwa redio tu. Watu walishangilia, na ilikuwa haki yao. Sherehe hiyo ilikuwa ya usiku mmoja. Kitakachoamua kama visiwa vimepata sanaa au vimepata tamasha tu ni kile ambacho vitongoji vya Dar es Salaam vilikijenga kwa nusu karne, kidogo kidogo na bila ya tiketi: mwalimu anayeujua ukoo wa kila mwanafunzi wake, gunia lililoning'inizwa juu ya boriti, na majuma yale marefu ambayo kijana hufunzwa kusimama kabla hajaruhusiwa kupiga.