Vitabu vya Siri Walivyovipenda Watoto wa Marekani

Kila mwalimu amjua mtoto mvivu wa kusoma. Wampa kitabu cha shule, naye macho yake yapo kitabuni na moyo wake u mwituni. Lakini mtoto yuyo huyo ukimpa hadithi yenye siri ndani yake, hataiacha mpaka taa izimike kwa kukosa mafuta. Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyeijua tabia hii kuliko walimu wengi, akaifanya biashara.

Jina lake Edward Stratemeyer, naye alizaliwa mwaka wa 1862 katika mji wa Elizabeth, jimbo la New Jersey. Alikuwa mtunga hadithi za watoto, na visa vilipomjia vingi kuliko nguvu za mkono wake, kadiri ya mwaka wa 1905 akaanzisha shirika. Kazi ilikwenda hivi: yeye hufikiri kisa, akaandika muhtasari wa kurasa chache, akaupeleka kwa posta kwa mwandikaji akaaye mbali. Yule huandika kitabu kizima kwa majuma machache, akakirudisha, akapewa ujira wake mara moja tu. Kisha hutia sahihi kwamba hana haki tena katika kitabu kile. Juu ya jalada huwekwa jina la mtu asiyepata kuwako duniani. Basi hadithi za ndugu wawili wapelelezi, Frank na Joe Hardy, zilipoanza kutoka mwaka wa 1927, zilisemwa kuwa za Franklin W. Dixon. Aliyeziandika hasa mwanzoni alikuwa mtu wa magazeti wa Kanada, Leslie McFarlane.

Tena Stratemeyer aliwashawishi wachapaji wauze vitabu hivi kwa senti 50 tu. Mimi naona hapo ndipo penye akili yake yote. Kitabu cha bei kubwa hununuliwa na baba, naye baba huchagua kile kinachompendeza yeye. Kitabu cha senti 50 mtoto hukinunua mwenyewe kwa fedha aliyoweka akiba, wala haombi ruhusa. Wakubwa walipotanabahi, vitabu vilikuwa vimekwisha ingia kila nyumba.

Nao wakubwa walikasirika. Mwaka wa 1914 Franklin Mathiews, mtunza vitabu mkuu wa Maskauti wa Marekani, aliandika makala kali ya kusema kwamba vitabu vya namna hii vyaharibu akili za wavulana. Maktaba nyingi zilikataa kuviweka. Watoto wakaazimana wao kwa wao, na kitabu kilichokatazwa, sote twajua, huwa kitamu zaidi.

Aliyependwa kuliko wote alitokea tarehe 28 Aprili 1930, vitabu vitatu kwa siku moja. Ni msichana wa miaka 16, Nancy Drew, yatima wa mama, na baba yake ni wakili. Ana motokaa yake mwenyewe, na baba huyu humsikiliza na kumwamini. Katika kitabu cha kwanza anatafuta wasia wa mzee mmoja uliofichwa, na habari zake zimo ndani ya saa ya kale, ili jamaa maskini wa yule mzee wapate urithi ambao matajiri wenye kiburi wanataka kuutwaa. Stratemeyer hakuona matunda yake, maana alikufa baada ya siku 12. Binti zake wawili, Harriet na Edna, wakalishika shirika.

Kwa nini watoto walivipenda hivyo? Wengi husema ni ule ujanja wa kumaliza kila sura penye hatari. Ni kweli, hata bibi zetu waliujua ujanja huo. Lakini mimi nadhani neno kubwa ni jingine. Nyumbani na shuleni mtoto huambiwa anyamaze. Kitabuni wakubwa wameshindwa, nao wamngojea yeye. Na miaka ile ya 1930 na kitu, watu wengi Marekani walipokosa kazi na akiba zao kupotea, msichana huyu kila mara alimrudishia aliyedhulumiwa mali yake. Hata wanawake watatu waliopata kuwa majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Sandra Day O'Connor, Ruth Bader Ginsburg na Sonia Sotomayor, wamesema kuwa walimsoma Nancy Drew utotoni.

Lakini sitaficha doa. Katika vitabu vile vya kwanza mtu mweusi ni mtumishi au mlinzi mlevi, na maneno yake yameandikwa kwa kuvunjwavunjwa ili achekwe. Tangu mwaka wa 1959 shirika lilianza kuvisahihisha vitabu vya zamani. Walisahihishaje? Mahali pengi walimwondoa tu mtu mweusi, wakamweka mweupe mahali pake. Yule mlinzi mlevi wa kitabu cha kwanza akawa mzungu. Matusi yamekwisha, nasi hatumo tena. Mtoto mweusi aliyenunua kitabu kwa senti zake alijitafuta ndani yake asijione.

Na ile siri ya jalada je? Vitabu vya Nancy viliandikwa jina la Carolyn Keene, na watoto walimpelekea barua. Aliyekuwa ameandika 23 katika vile 30 vya kwanza ni mwanamke wa jimbo la Iowa, Mildred Wirt Benson. Cha kwanza alilipwa dola 125, hakuongezewa kitu vilipouzwa kwa mamilioni. Alishika mkataba wake, akanyamaza, mpaka mwaka wa 1980 wachapaji walipogombana mbele ya hakimu huko New York, naye akaitwa shahidi. Hapo watu wakaanza kumjua. Yeye alirudi Toledo, jimbo la Ohio, kwenye kazi yake ya gazeti, akaendelea kuandika, safari hii kwa jina lake mwenyewe, hata alipofariki mwaka wa 2002 akiwa na umri wa miaka 96.