Siku ya Mwaka na Neema ya Mji Mzima

Kila Julai, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, wanaume wa Makunduchi hugawanyika pande mbili na kupigana kwa magogo ya migomba. Wanawake, waliovaa nguo zao bora, huwazunguka wakiimba, na katika nyimbo hizo hutoka mafumbo na maneno makali ambayo siku nyingine yasingesemwa mbele ya wakwe. Mapigano yakishatulia, watu hukusanyika kwenye kibanda cha makuti kilichojengwa kwa kazi hiyo tu. Mzee mwenye dhamana ya ibada huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka kabla paa halijaporomoka. Hapo macho yote huufuata moshi, kwa sababu unakoelekea ni bishara ya mwaka unaoanza.

Huo ndio Mwaka Kogwa. Wageni wengi wanaofika na kamera huondoka na picha za mapigano na za moto, wakidhani wameona sherehe nzima. Wameona kipande chake tu. Kilichokuwa kikifanyika Makunduchi, na ambacho zamani kilifanyika katika miji mingi ya pwani kuanzia Lamu hadi Unguja, ni kazi kubwa ya kuitafutia jamii nzima heri ya mashamba, ya bahari na ya uzazi kwa mwaka mmoja mbele.

Maelezo mazuri ya zamani kuhusu siku hiyo yanapatikana katika kitabu cha Edward Steere cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, kilichotoka mwaka 1870. Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na misheni ya Kianglikana, na baadaye akawa askofu. Chini ya neno mwaka aliandika mambo machache yenye uzito. Watu, hasa wanawake, walikwenda kuoga baharini usiku au alfajiri. Kisha walipika chungu kikubwa cha nafaka na jamii ya kunde, na karibu na adhuhuri akala kila aliyependa kuja. Mioto yote ilizimwa, ikawashwa upya kwa kupekecha vijiti viwili. Tena, zamani, damu iliyomwagika siku hiyo haikuulizwa, na ugomvi wa muda mrefu ulingojewa hadi siku hiyo ukamalizwe kwa mapigano.

Mambo hayo manne, yaani maji, chakula, moto na ugomvi, ndiyo mwili wa ibada yenyewe. Maji huondoa nuksi iliyomganda mtu. Moto wa mwaka uliopita, uliopika chakula cha msibani na cha arusini bila kubagua, hauvushwi kuingia mwaka mpya. Kwa hiyo mafiga hupoa, jivu huzolewa, na mtu huchukua ulindi na uwimbombo, vijiti vya kupekechea, mpaka cheche itoke. Kazi hiyo inachosha mikono, na jasho lake ni sehemu ya maana yake, kwani moto huo haukuazimwa kwa jirani wala haukurithiwa kutoka jana.

Ugomvi ndio unaowashangaza watu wa leo kuliko yote. Kwa fikra za wazee, kinyongo ni uchafu kama uchafu mwingine, na shamba la mtu aliyewekewa kinyongo halizai vizuri. Mtu akilima huku jirani yake anamnuia mabaya, mvua itapita kando. Hivyo siku moja ya mwaka iliachwa wazi ili hasira zitoke mbele ya watu wote, zikaonekana, zikaisha. Wanaume wakapigana, wanawake wakasemana kwa nyimbo. Magogo ya migomba yanayotumika Makunduchi ni laini na hupasuka haraka, na ukiyaweka kando ya maelezo ya Steere utaona jinsi jamii ilivyoipunguzia ibada yake ukali bila kuiua.

Chakula nacho kina sheria yake. Makunduchi siku hiyo kila nyumba hutaka mgeni, na nyumba isiyopata mgeni huhesabiwa kuwa imeanza mwaka vibaya. Mgeni huyo anaweza kuwa ndugu aliyerudi kutoka mjini au kutoka Bara, au mpita njia asiyejulikana kabisa. Anayekula ndiye anayemletea mwenyeji heri.

Tarehe ya siku hiyo ina habari ya kusisimua. Steere aliikuta ikiangukia Agosti 23 au 24. Katika miaka ya 1990 vitabu vya wasafiri viliitaja Julai 23 au 24. Sasa hesabu inaiangusha katikati ya Julai. Hakuna aliyeihamisha. Mwaka wa hesabu hiyo una siku 365 kamili na hauongezwi siku ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila baada ya miaka minne hurudi nyuma siku moja ukilinganishwa na kalenda ya ukutani.

Hesabu hiyo ilitoka Uajemi. Wasomi wa kalenda huianzisha mwaka 632, mwaka alioshika utawala Yazdegerd III, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Wasasani. Baadhi ya Waparsi wa India, wale wa kundi la Kadmi, bado huihesabu hivyohivyo, na mwaka wao mpya huangukia kipindi hichohicho cha Julai. Kwa Kiswahili siku hiyo iliitwa pia Nairuzi, jina ambalo mabaharia wa Bahari ya Hindi walilijua vizuri. Ahmad ibn Majid, rubani mkubwa wa Kiarabu wa karne ya 15, alipoandika lini chombo king'oe nanga kwenda upande gani, alitaja siku ya ngapi tangu Nairuzi. Kalenda ya Kiislamu, inayofuata mwezi, haikumfaa kwa kazi hiyo, kwa sababu Ramadhani huzunguka misimu yote lakini kusi na kaskazi hazimngojei mtu.

Wakulima walikuwa na haja ileile. Siku 360 za mwaka ziligawanywa kwa makumi, yaani miongo 36, na siku 5 zikabaki mwishoni. Siku ya kuuaga mwaka iliitwa kibunzi. Mkulima aliyeulizwa kwa nini hajapanda aliweza kujibu kwamba mwongo wake haujafika, na jibu likatosha. Mwaka nao ulipewa jina la siku ya juma uliyoanzia, ukawa mwaka Juma au mwaka Jumamosi. Kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, kila mwaka husogea siku moja mbele, na baada ya miaka saba mzunguko huanza tena. Wenye elimu ya falaki waliishika siku hiyo wakatabiri iwapo mvua itakuwa nyingi, maradhi yatazidi, au chakula kitapanda bei.

Ukiirudisha hesabu hiyo nyuma unakutana na jambo la kufikirisha. Karibu na mwaka 1000, Nairuzi iliangukia mwishoni mwa mwezi wa Machi kwa kalenda ya sasa. Kwa pwani ya Afrika Mashariki huo ni mlango wa masika, wakati jembe linaponolewa na mbegu kutolewa darini. Kipindi hichohicho kinatajwa na utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Ulionyesha kwamba mchanganyiko wa damu za Kiafrika na Kiasia, nyingi ya hiyo ya Asia ikiwa ya Kiajemi, ulianza takriban mwaka 1000, na kwamba asili ya Kiasia ilipita zaidi kwa wanaume, huku ya Kiafrika ikipita zaidi kwa wanawake. Karibu na Makunduchi, Kizimkazi Dimbani, umesimama msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107.

Msafara wa Washirazi kutoka Uajemi, unaosimuliwa katika tarehe za miji mingi, umebishaniwa na wanahistoria kwa miaka mingi, na jina la Shirazi likaingia hata katika siasa pale Afro-Shirazi Party ilipoundwa mwaka 1957. Kwa ibada ya mwaka, ubishi huo una umuhimu mdogo kuliko unavyodhaniwa. Hesabu ya siku ni ya Kiajemi, hilo halina shaka. Lakini mikono iliyoipa hesabu hiyo kazi ilikuwa ya wakulima na wavuvi wa hapa, waliokuwa na mizimu yao, ardhi yao na hofu zao za ukame. Kama mgeni aliwaletea siku ya kuoga na kuwasha moto, na siku yenyewe ikawa inaangukia mwanzo wa mvua kubwa, waliipokea kwa sababu iliwafaa.

Ardhi ya Makunduchi yenyewe inaeleza kwa nini. Sehemu kubwa ya upande ule wa Unguja ni mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo kwenye mashimo yake. Mkarafuu haukustawi huko kama ulivyostawi magharibi mwa kisiwa. Mkulima hufyeka kichaka, huchoma, hupanda kwenye vishimo, na baada ya misimu michache huhama na kuiacha ardhi ipumzike. Kwenye ardhi kama hiyo hakuna anayeweza kujidanganya kwamba mavuno ni ya bidii yake peke yake.

Kabla ya kufyeka, mtu alikwenda kwa mvyale, mlinzi wa mzimu anayetoka katika ukoo uliotangulia kukaa mahali pale. Mvyale alifukiza ubani na kutoa sadaka, mara nyingi pangoni au chini ya mti mkubwa, akiomba ruhusa kwa wenye ardhi wasioonekana. Mamlaka ya namna hiyo yalipanda mpaka juu. Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja aliyekuwa na makao yake Dunga, aliheshimiwa kama mtu mwenye kuhusiana na mvua. Simulizi za Unguja husema Sultani Sayyid Said alipomfunga Mwinyi Mkuu mmoja, mvua ilikatika miaka mitatu mpaka alipoachiwa. Wa mwisho wao alifariki mwaka 1873, na ngoma na siwa za utawala wao zikaishia makumbusho. Dhamana ya mvua na ardhi ikabaki vijijini, kwa wavyale na kwa wazee wa mwaka.

Kaskazini zaidi, siku ya mwaka ilichukua sura nyingine. Lamu na Mombasa kulikuwa na desturi ya kuzungusha ng'ombe. Ng'ombe aliongozwa kuuzunguka mji mzima, watu wakimfuata kwa dua na visomo vya Qurani, kisha akachinjwa na nyama ikaliwa na watu. Balaa zote za mji zilikabidhiwa kwa mnyama mmoja. Mji pia ulikuwa na fingo, kinga iliyofukiwa ardhini kuuzuia ubaya usipite. Katika ng'ombe yule uganga na Uislamu vilitembea njia moja bila kusukumana, na mashekhe waliosoma dua hawakujiona kuwa wanafanya jambo la kikafiri.

Baadaye walikuja waliozipinga desturi hizo. Kwa miongo kadhaa sasa wapo wanazuoni wanaosema mila hizi ni bidaa, na baadhi yao huziita ushirikina waziwazi. Hoja yao ina wasikilizaji wengi, na katika miji kadhaa desturi imefifia au imebaki dua peke yake. Shinikizo la pili ni la utalii, ambalo halipingi kitu chochote lakini hudhoofisha kwa upole. Sherehe ikitangazwa kwa wageni, kinachopewa nafasi ni kile kinachopendeza kwenye picha. Kuoga kwa alfajiri hakupigwi picha, mafiga yaliyopoa hayana mtazamaji, na miongo 36 haiingii kwenye tangazo la hoteli.

Hapo ndipo hasara ilipo. Watu wakiisoma siku ya mwaka kama bahati nasibu ya mtu mmojammoja, au kama tamasha la kijiji, wanakosa fikra iliyoibeba kwa karne nyingi: kwamba neema ni mali ya mji, na haimfikii mmoja huku jirani yake ana njaa au ana kinyongo. Uganga wa siku hizi unaotangazwa kwenye vibao vya barabarani, wa kuvuta wateja dukani na kumshinda mpinzani kazini, umechukua zana za zamani ukaacha fikra hiyo. Mwaka Kogwa haumshindishi mtu yeyote. Hata mapigano yake hayana kombe.

Wazee wanaoweza kuhesabu miongo kwa kichwa, wakajua mwongo upi ni wa mtama na upi wa kungoja vuli, ni wachache kuliko wanaoweza kujenga kile kibanda cha makuti. Elimu yao haimhitaji mtu aamini mizimu ili aione thamani yake, maana ni elimu ya upepo, mvua na mbegu iliyopimwa na vizazi vingi juu ya ardhi ngumu. Walimu wa shule za Kusini Unguja, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Zanzibar na yeyote anayekwenda Makunduchi mwezi wa Julai wanaweza kuikusanya. Wasiondoke moshi ukiisha. Wakubali kualikwa nyumbani, wale, kisha wawaulize wenyeji wao leo ni mwongo wa ngapi, na waandike majibu.