Rangi Mbili kwa Kila Mafua

Hapa Kongowe (nina maana Kongowe ya Kibaha, barabara ya Morogoro, wala si ile ya Mbagala) mafua yakimkaa mtu siku nne, kichwa kikamgonga juu ya macho na makamasi yakageuka rangi, jirani hamwulizi mengi. Humwelekeza dukani akanunue vidonge vya rangi mbili. "Hiyo ni sainasi, Mwalimu. Usipoipiga mapema itapanda kwenye ubongo."

Imani hii haikuzuka hivi hivi. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza kuwachoma watu wa Tanganyika sindano za bismathi ili kutibu buba. Vijana wa leo hawaijui buba, na heri yao. Ilikuwa ikiwatoa watoto vidonda mwilini, na isipotibiwa iliweza kuharibu ngozi na mifupa. Baada ya sindano vidonda vilifunga upesi, na sifa ya sindano ikaenea vijijini kuliko sifa ya dawa yoyote ya kunywa. Baadaye ikaja penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliitumia dhidi ya buba katika nchi 46, wakatibu watu wapatao milioni 50, na mara nyingi sindano moja ilitosha. Mzazi aliyemwona mwanawe akitakata ngozi namna ile hakuhitaji mahubiri ya mtu juu ya nguvu ya dawa.

Lakini buba na mafua si ndugu. Buba huletwa na bakteria, na bakteria ndio wanaouawa na penisilini na jamaa zake, yaani antibiotiki. Mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviwezi kabisa. Ndani ya mifupa ya uso, kandokando ya pua na juu ya macho, kuna vyumba vya hewa. Mafua yakivimbisha milango yake, ute hukwama humo na uso huuma. Hiyo ndiyo sainasi. Katika watu wazima mia wenye mafua, pengine wawili tu au pungufu watashambuliwa na bakteria humo ndani. Rangi ya njano au kijani ya makamasi, ambayo watu wengi huichukua kuwa ushahidi, haithibitishi kitu. Daktari huanza kufikiria antibiotiki pale ugonjwa unapopita siku kumi bila nafuu, au mgonjwa anapopata nafuu kisha akazidiwa tena, au homa inapokuwa kali pamoja na maumivu ya uso. Wengine hupona wenyewe, na aliyekunywa vidonge siku ya nne husema vidonge ndivyo vilivyomponya.

Zamani hata kuvipata ilikuwa kazi. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba binafsi ya kutafuta faida, na kuanzia mwaka 1984 zahanati zilipelekewa dawa muhimu katika makasha yaliyofungwa tayari. Kasha likiisha, mlisubiri jingine. Mwaka 1991 tiba binafsi ikaruhusiwa tena. Maduka ya dawa baridi hayakuruhusiwa kuuza antibiotiki, lakini nani asiyejua kwamba ziliuzwa? Serikali ilifanya jambo la busara, nadhani, ilipoanzisha maduka ya dawa muhimu huko Ruvuma mwaka 2003: wauzaji walipewa mafunzo, wakaruhusiwa kuuza baadhi ya antibiotiki kwa utaratibu. Kwa mama wa kijijini ambaye mtoto wake ana nimonia na hospitali iko mbali, duka hilo ni uhai.

Mtoto huyo ndiye anayenitia wasiwasi. Desemba 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, Fleming alisimulia kisa cha kubuni cha bwana mwenye maumivu ya koo. Bwana yule anajinunulia penisilini, anakunywa kidogo, haitoshi kuwaua vijidudu bali inawafundisha kuishinda. Anamwambukiza mkewe, naye anapata nimonia. Anatibiwa kwa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Dawa ilikuwa ngeni kabisa madukani, na mgunduzi wake alikwisha kumwona mnunuzi wa vidonge kumi. Vidonge kumi vya amoksilini, kwa kutwa mara tatu, havifiki hata siku ya nne kwisha.

Tanzania ilitoa mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017. Mpango huo unapofika kwenye meza ya duka, unamkuta muuzaji mwenye kodi ya pango na mteja mwenye haraka. Akimwambia, "Shikamoo mzee, meza panado, jifukize, mafua yakipita siku kumi nenda Tumbi wakakuone," amesema kweli tupu, na siku hiyo ameuza panado. Mzee atavuka barabara hadi duka la pili.