Mita 400

Kila ninaposikia asilimia ya wananchi wanaopata maji vijijini ikitangazwa, huwa najiuliza aliyepima alisimama wapi. Alisimama bombani akahesabu koki, au alimfuata mwanamke mwenye ndoo mpaka nyumbani kwake? Hapa Tanzania swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lake lilikaririka kirahisi: ifikapo 1991, kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Wafadhili wakagawana mikoa. Wafini walikwenda Mtwara na Lindi, Wadenmark wakaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, na Waswidi wakachukua mikoa ya Ziwa Viktoria. Kilichohesabiwa zaidi ni kilichojengwa, yaani visima vilivyochimbwa na mabomba yaliyolazwa. Mwaka 1991 ukafika, lengo halikufikiwa. Sera ya Maji ya 2002 ilizibakiza mita zilezile 400, ikataja pia lita 25 kwa kila mtu kwa siku na watu 250 kwa kila kituo.

Lakini palikuwa na kipimo kingine, cha zamani kuliko mpango huo. Katika miaka ya 1960 mwanajiografia Gilbert White, mkewe Anne na daktari David Bradley waliwachunguza wachota maji katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania. Hawakuanzia kwenye bomba, walianzia nyumbani: nani anachota, anatembea muda gani, anarudi na lita ngapi. Kitabu chao kilitoka 1972. Miaka 30 baada ya utafiti ule, watafiti wengine walirudi karibu katika sehemu zote hizo. Waligundua kwamba kaya zenye bomba zilikuwa zikitumia karibu nusu tu ya maji ya awali, kwani mabomba yalichakaa huku watu wakiongezeka. Kaya zisizo na bomba zilikuwa zikitumia maji mengi kuliko zamani, ila muda wa kuchota ulipanda kutoka dakika 28 kwa siku hadi 92.

Nilipozisoma takwimu hizo nilimkumbuka bibi yangu. Hakuwahi kutaja mita. Akiulizwa maji yako mbali kiasi gani, alijibu kwa foleni: ukiondoka alfajiri, unarudi jua limeshapanda. Kisima chenyewe hakikuwa mbali. Kwa hesabu ya mita 400, bibi alikuwa miongoni mwa waliofikiwa.

Malengo ya Milenia ya mwaka 2000 nayo yaliuliza aina ya chanzo tu: ni kisima kilichojengewa au ni dimbwi? Mwaka 2012 ulimwengu ulitangaziwa kuwa lengo la maji lilishatimia tangu 2010. Karibu wakati huohuo, Wizara ya Maji ya Tanzania ilikuwa ikituma watu kuvitembelea vituo vya vijijini kimoja baada ya kingine, zaidi ya 70,000. Karibu vinne kati ya kila kumi havikuwa vikitoa maji. Katika orodha ya vilivyojengwa vyote vilikuwa maendeleo.

Malengo ya 2015 yamesogea kidogo kuelekea kwa bibi. Sasa huduma ya msingi ni kwenda, kupanga foleni na kurudi ndani ya dakika 30. Ngazi ya juu yake ni maji yaliyopo nyumbani, yanayopatikana yanapohitajika na yasiyo na vimelea.

Siwalaumu waliochagua mita 400. Mita hupimwa mara moja, na mkandarasi hulipwa kwazo. Foleni hubidi ipimwe tena kila msimu, kiangazi na masika, na pampu hubidi ijaribiwe hata baada ya utepe kukatwa. Hiyo ni kazi ya kila mwaka, nayo inahitaji fungu lake katika bajeti. Pasipokuwa na fungu hilo, asilimia tunayosomewa inatueleza habari za siku ya uzinduzi.