Uzito wa Jumla na Uzito wa Ekseli: Historia ya Mvutano wa Asilimia 5 katika Mizani za Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma

Makala haya yanajadili historia ya udhibiti wa uzito wa malori katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yakijikita katika mgogoro wa Oktoba 2013 kuhusu nafuu ya asilimia 5. Kwa mtazamo wa haraka, mgogoro huo ulikuwa kati ya Serikali iliyolinda barabara na wasafirishaji waliolinda faida. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mzizi wake ulikuwa wa ndani zaidi: pande mbili hazikukubaliana kuhusu kile ambacho mizani inapima, na nani abebe gharama ya tofauti inayoonekana juu yake.

Njia hii ilianza kubeba mizigo mizito kwa sababu za kisiasa. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mnamo Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kuingiza mafuta na kutoa shaba. Malori yalipita katika barabara ya vumbi iliyokuwa hatari hasa wakati wa masika. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikatandazwa katika miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo, kadiri reli ilivyopungukiwa na uwezo, mizigo ilirudi barabarani, na barabara ikawa mhimili wa biashara ya Zambia na Kongo kupitia bandari ya Dar es Salaam.

Msingi wa kitaalamu wa udhibiti wa uzito ulitokana kwa kiasi kikubwa na majaribio yaliyofanyika karibu na mji wa Ottawa, Illinois, nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960. Majaribio hayo yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sambamba na uzito, bali hukaribia kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa kanuni hiyo, ekseli iliyozidishiwa asilimia 10 huongeza uharibifu kwa takribani asilimia 46. Iliyozidishiwa asilimia 5, kwa takribani asilimia 22. Kwa hiyo barabara haiulizi lori zima lina tani ngapi. Inauliza kila ekseli imekanyaga kwa tani ngapi.

Viwango vya Afrika Mashariki vinaonyesha tofauti hiyo. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili pacha zenye matairi manne kila moja tani 18, na ekseli tatu za pamoja tani 24. Uzito wa jumla hauruhusiwi kuzidi tani 56. Semi-trela ya ekseli sita hufikia ukomo wake kwenye ekseli: 8, 18 na 24 ni tani 50 tu. Lori la ekseli saba lenye matrela mawili lina hali nyingine. Jumla ya viwango vya ekseli zake ni tani 62, hivyo uzito wa jumla ndio unaolibana kwanza.

Hapo ndipo ugumu unapojitokeza. Lori hilo laweza kuwa na tani 56 kamili na bado likavunja sheria, iwapo usukani umebeba tani 7, ekseli za kichwa 17, za trela la mbele 20 na za trela la nyuma 12. Zaidi ya hayo, sehemu ya uzito wa trela la nyuma hubebwa na trela la mbele kupitia sahani inayoyaunganisha. Anayepakia shehena mbele ya trela la nyuma anazielemea pia ekseli za trela la mbele. Mafuta ndani ya tangi husogea mlimani, na hivyo lori moja laweza kusomeka tofauti katika mizani mbili.

Kutokana na hali hiyo, nafuu ya asilimia 5 ilikuwa na mantiki: kutomwadhibu msafirishaji kwa tofauti ndogo za vipimo na za mpangilio wa mzigo. Lakini nafuu isiyotozwa chochote ina thamani ya kibiashara. Asilimia 5 ya tani 56 ni tani 2.8. Safari 10 zinatoa tani 28, kiasi kinachokaribia mzigo wa safari nzima ya semi-trela. Kilichokusudiwa kuwa staha kwa mapungufu ya kipimo kikageuka nafasi ya kupakia.

Oktoba 2013 Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, aliiondoa nafuu hiyo akisimamia matakwa ya sheria. Wasafirishaji waligoma, na foleni za malori zikazuia njia katika eneo la Kibaha. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliusitisha uamuzi huo ili kutoa nafasi ya mazungumzo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Waziri alizungumzia lami inayogharimiwa na walipa kodi. Wasafirishaji walizungumzia ekseli ambazo uzito wake hubadilika njiani.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania mwaka 2019, iliondoa suala hili katika uamuzi wa waziri mmoja na kulifanya la kikanda. Mizani inayopima lori likiwa katika mwendo, kama ile ya Vigwaza, nayo imepunguza foleni kwa kuyachuja malori yanayohitaji kupimwa upya.

Pamoja na mafanikio hayo, swali la wajibu linabaki. Kontena la kwenda nje ya nchi hufungwa kwa lakiri ya forodha, na dereva hana mamlaka ya kulifungua ili kupanga upya mzigo ambao hakuupakia yeye. Anapofika mizani ya kwanza, kosa limekwishatendeka ghalani au bandarini. Historia ya asilimia 5 inaelekeza kwamba udhibiti utafanikiwa zaidi pale ekseli zitakapopimwa mahali pa kupakilia, ambako kosa bado linaweza kurekebishwa na aliyelitenda.