Santuri kama Matini: Tatizo la Kurejelea Nyimbo za Siti binti Saad

Mnamo mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili kurekodi nyimbo zao kwa Gramophone Company, chini ya nembo ya His Master's Voice. Katika maandishi ya uhakiki safari hiyo aghalabu hutajwa kwa fahari, kisha ikaachwa hapo. Ni nadra kuichukulia kama tukio la uchapishaji, ilhali ndivyo ilivyokuwa: kwa santuri hizo ushairi ulioimbwa ulipata mchapishaji, namba na mwaka, sawa na diwani yoyote.

Uzito wa jambo hili hudhihirika katika wimbo "Kijiti", unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni huko Unguja na namna sheria ya kikoloni ilivyoishughulikia kesi yake. Wimbo huo wa Siti uliimbwa pia, miaka mingi baadaye, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Mhakiki anayenukuu beti zake bila kutaja rekodi aliyoisikiliza humwacha msomaji gizani. Je, hiyo ni lawama ya miaka ya 1920, au ni maneno yaliyokwisha kupita katika kumbukumbu na kinywa cha mwimbaji mwingine? Hoja nzima kuhusu ushairi na ukoloni yaweza kuanguka hapo.

Isitoshe, upande mmoja wa sahani za zama hizo ulibeba dakika tatu hivi tu. Anayesifu ufupi wa wimbo huenda anausifu ukingo wa sahani!

Kwa hiyo marejeleo yataje mwimbaji, jina la wimbo kama lilivyo kwenye lebo, kampuni, namba ya sahani na upande wake, mahali na mwaka wa kurekodiwa. Wanamuziki nao, kama vile Subeti bin Ambari na Mbaruku, wasisahaulike, kwani utunzi wa kikundi hicho haukuwa wa Siti peke yake. Ikiwa kilichosikilizwa ni toleo jipya la diski, miaka yote miwili itajwe. Vinginevyo Siti, aliyefariki mwaka 1950, ataonekana kana kwamba aliimba karne hii.

Kaseti zilizonakiliwa mitaani ndizo ngumu zaidi, kwa kuwa nyingi hazina namba wala mwaka. Hapo mtafiti aseme wazi kwamba ametumia nakala, aeleze imehifadhiwa wapi, na ni kwa ushahidi gani sauti hiyo imetambuliwa kuwa ya Siti.