Ubingwa wa 2020: namna Covid-19 ilikata msimu wa Linafoot

Kila wakati mabishano ya mpira yanapowaka, iwe pa parkingi ya motari huko Sake ao mbele ya ligablo hapa Kingi, mtu wa Vita Club hakosi kumwambia mtu wa Mazembe: «Ule ubingwa wenu wa 2020 hamukuushinda, mulipewa tu.» Mtu wa Mazembe naye anajibu: «Nani alikuwa mbele?» Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Tumeona vizuri kuandika hapa jinsi mambo yalivyokwenda, ili anayebishana abishane akiwa na tarehe mkononi.

Wiki mbili za Machi

Tarehe 7 Machi 2020, Mazembe ilikuwa bado inacheza mbele ya watu wake Lubumbashi. Ilipiga Raja Casablanca bao 1 kwa 0, lakini ikatoka kwenye Ligi ya Mabingwa ya Afrika juu ya mabao 2 iliyofungwa kule Morocco. Siku tatu nyuma yake, tarehe 10 Machi, Kinshasa ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 katika inchi.

Tarehe 18 Machi usiku Raisi Félix Tshisekedi akaongea na taifa. Masomo na vyuo vikuu vikafungwa, makanisa vilevile, na mikutano ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Hapo mpira ulikuwa umekwisha hata kama neno mpira lisingetajwa: ekipe mbili zikiingia uwanjani tayari ni watu 22, na hujahesabu mwamuzi wala wale wa kwenye benchi. Viwanja navyo vilitajwa. Tarehe 24 Machi ikaja hali ya dharura, na Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine.

Huko kutengwa kwa Kinshasa ndiko kulikoumiza shampiona kuliko kitu kingine, na watu wengi wanakusahau. Linafoot si ligi ya mabasi. Katika Rwanda ekipe inaamka asubuhi, inapanda basi, inacheza, na jioni wachezaji wanalala kwao. Kwetu, AS Maniema Union ikitoka Kindu kwenda kucheza Lubumbashi ao Kinshasa, ni ndege. Hakuna barabara ya kuwapitisha vijana 25 na vifaa vyao wafike wakiwa na nguvu ya kukimbia dakika 90. Ndege ikikatazwa, shampiona inakufa hata kama hakuna mchezaji mmoja aliyekohoa.

Kwetu Kivu Kaskazini habari ya ugonjwa haikuwa mpya. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 tulikuwa na Ebola: kunawa mikono kwenye vizuizi, kupimwa joto kwenye paji la uso, kuzika bila kugusa. Agosti 2019 ilifika mpaka Pinga, katika Walikale. Ilipotangazwa kwamba imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imehesabu wagonjwa 3 470 na wafu 2 287. Lakini Ebola haikusimamisha shampiona ya taifa. Iliyoisimamisha ni Covid, ugonjwa ambao wakaaji wengi wa vilima vyetu walikuwa wameusikia tu ku redio. Ndiyo maana vijana wengi hawakuelewa kwa nini wakatazwe balo wakati huu, na si wakati ule.

Meza ikachukua nafasi ya uwanja

Viwanja vilikaa kimya mpaka serkali ilipoanza kulegeza. Hali ya dharura iliisha mwezi wa Julai, maduka yakatangulia kufunguliwa, masomo yakafuata mwanzoni mwa Agosti, na viwanja vya michezo vikangoja katikati ya Agosti pamoja na makanisa. Msimu haukuweza kungoja vile. Fecofa, shirikisho la mpira la Congo, ilifunga msimu wa 2019-2020 pale ulipokuwa umefikia, ikachukua orodha ya pointi ilivyokuwa siku ya kusimama, na kumtangaza aliyekuwa juu kuwa bingwa. Aliyekuwa juu ni TP Mazembe. Ukawa ubingwa wake wa 18. Vita Club ikabaki ya pili.

Waswahili wa pwani wanaita jambo la namna hii ushindi wa mezani. Kwetu tumezoea kusema tapi veri, tukifuata Wafaransa. Lakini hayo maneno hayafai sana hapa, na mwandishi wa makala haya anaona mtu wa Vita anakosea akiyatumia. Tapi veri ni adhabu: ekipe haikufika uwanjani, ao imeingiza mchezaji asiye na karatasi, basi mwenzake anapewa pointi bila kucheza. Mwaka 2020 hakuna aliyepewa pointi ya mechi ambayo haikuchezwa. Zilihesabiwa zile zilizotolewa jasho, basi. Kilichokosekana ni nafasi ya yule wa nyuma kumfikia wa mbele, na hilo ndilo deni ambalo hakuna shirikisho linaweza kulilipa.

Kwa nini basi wasifute kila kitu, wakasema mwaka huu hakuna bingwa? Sababu kubwa ni CAF. Shirikisho la Afrika linataka majina ya watakaocheza Ligi ya Mabingwa msimu unaofuata, na bila orodha ungewatuma nani? Mazembe na Vita ndizo zilizokwenda.

Majirani walifanya nini

Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini kila inchi ilikata kesi yake kivyake.

Kenya ilifunga mapema kuliko wote: tarehe 30 Aprili 2020 shirikisho likatangaza Gor Mahia bingwa. Kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi haikukubali kwamba shirikisho lina haki ya kufanya vile, na maneno yakawa mengi.

Uganda ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: kanuni iliyoandikwa mbele ya ugonjwa. Ilisema kama mechi zimechezwa asilimia 75 ao zaidi, orodha iliyopo ndiyo ya mwisho. Ekipe zilikuwa zimecheza 25 kati ya 30. Kwa hiyo tarehe 20 Mei Vipers ikawa bingwa na pointi 54, mbele ya KCCA yenye 50. Mtu wa KCCA anaweza kulia kwamba pointi 4 katika mechi 5 si mlima. Ni kweli. Lakini kanuni alikuwa nayo mkononi tangu mwanzo wa msimu, na kati ya maamuzi yote ya mwaka ule, hili ndilo ninaloona safi zaidi.

Rwanda, ng'ambo ya kizuizi cha Goma ambacho nacho kilikuwa kimefungwa, ilimaliza tarehe 22 Mei. APR ilikuwa na pointi 57 katika mechi 23 bila kupoteza hata moja. Huko juu hakukuwa na kelele kubwa. Kelele hutoka chini, kwa ekipe zinazoshushwa daraja huku mechi za kujiokoa bado zilikuwa mbele yao.

Tanzania ilisimama katikati ya Machi, halafu ikarudi uwanjani. Tarehe 13 Juni ligi ikaanza tena, na tarehe 28 Juni Simba ikapata pointi iliyoihitaji kule Mbeya kwa sare ya 0-0 na Tanzania Prisons. Burundi nayo ilikuwa kati ya inchi chache sana duniani ambazo mpira uliendelea kuchezwa wakati karibu dunia nzima imejifungia. Ilisimama kidogo, ikarudi mwezi wa Mei, na Le Messager ya Ngozi ikabeba kombe. Kama maamuzi hayo mawili yalikuwa ya hekima kwa afya ya watu, hiyo ni kesi nyingine. Kwa upande wa mpira tu, bingwa wa Tanzania na wa Burundi hakuna anayewaambia kwamba walipewa.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Simba na Vita zilikutana. Ligi ya Mabingwa ya 2020-2021 iliziweka kundi moja. Tarehe 12 Februari 2021 Simba ilishinda 1-0 Kinshasa, na mwezi wa Aprili ikapiga 4-1 Dar es Salaam.

Wale waliokosa hata jina la bingwa

Kuna waliofanya kinyume kabisa: walifuta. Mfano wetu unatoka mbali, Marekani, katika mchezo ambao wasomaji wengi hapa hawajauona, hoki ya barafu. Ekipe ina watu 6 ndani, wamevaa viatu vyenye chuma chini, wanateleza juu ya sakafu ya barafu ndani ya jengo, na kwa fimbo wanasukuma kisahani cha mpira mgumu kuelekea golini. Vyuo vikuu vya huko vina shampiona yao kubwa, na wachezaji ni wanafunzi.

Tarehe 12 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa Kinshasa, NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, ilifuta mashindano yake yote ya mwisho wa msimu. Nusu fainali na fainali ya hoki ya wanaume zilipangwa Detroit mwezi wa Aprili. Hazikuchezwa, na hakuna aliyetangazwa bingwa, wanaume wala wanawake. Chuo cha Cornell kiliumia mara mbili: ekipe yake ya wanaume ilikuwa imepoteza mechi 2 tu katika 29, na ya wanawake mechi 2 tu katika 33. Tena mwezi wa Novemba kundi la vyuo ambalo Cornell imo, Ivy League, likafuta michezo ya majira ya baridi yaliyofuata. Mwanafunzi anacheza miaka minne kisha anaondoka. Aliyekuwa mwaka wa nne wakati ule hakuwa na msimu mwingine wa kungojea.

Vyuo vingine vilicheza 2021, lakini kwa wasiwasi. Tarehe 26 Machi Michigan ilitolewa mashindanoni siku ileile ya mechi yake, juu vipimo vilionyesha Covid ndani ya ekipe, na mpinzani akapita bila kuteleza hata hatua moja. Hiyo sasa ndiyo tapi veri yenyewe. UMass, iliyochukua ubingwa mwaka ule, ilicheza nusu fainali bila wanne wake, golikipa wake akiwa mmoja wao.

Kijana wa Masisi katika hesabu hii

Tunaongea sana juu ya Mazembe na Vita, lakini ubingwa wa 18 ao wa 17 haubadilishi maisha ya mtu hapa. Kinachobadilisha ni ngazi. Kijana wa Masisi ao wa Walikale anayejua balo anaanza na ekipe ya kwao, akionekana anaingia katika ekipe ya Entente, kutoka hapo kuna Lifnoki ambayo ni ligi ya jimbo, halafu klabu kama DC Virunga ao Dauphins Noirs, na ni kutoka huko ndipo mtu wa Kinshasa ao Lubumbashi anaweza kumuona. Kila hatua inaomba mechi. Mwaka usio na mechi ni mwaka usio na macho ya kukutazama, na mchezaji wa miaka 19 akipoteza mwaka hapewi mwingine na Fecofa.

Franga nazo zilikatika. Klabu kubwa ina mwenye mfuko nyuma yake, sawa Moïse Katumbi kwa Mazembe. Klabu ndogo inaishi na kiingilio cha mlangoni na michango ya wapenzi, na mlango ukifungwa hakuna prime ya mechi. FIFA ilitangaza mwaka 2020 dola milioni moja kwa kila shirikisho, na dola 500 000 zaidi kwa mpira wa wanawake. Pesa ya namna hiyo inaingia juu, kwenye mashirikisho. Kutoka juu mpaka Entente ya territoire, njia ni ndefu, na kila anayeijua inchi hii anaelewa tunachosema.

Tena msomaji asifikiri kwamba ni ugonjwa peke yake unaokata msimu kwetu. Vita inakata, na hiyo tutaiandikia siku yake. Hata mfuko mtupu unakata: msimu wa 2022-2023 ulisimama katikati juu ya ukosefu wa pesa, bila homa yoyote, bila hali ya dharura. Safari ile hakuna aliyechukua orodha ya pointi na kumtangaza wa juu.

Mtu wa Vita anayetaka kujibu anayo karata moja nzuri, na tunashangaa haitumii zaidi: mwaka uliofuata, mechi zilipochezwa tena, bingwa wa 2021 alikuwa Vita Club. Mwaka 2022 Mazembe ikarudisha. Katika orodha ya mabingwa wa Congo, mstari wa 2020 umeandikwa TP Mazembe, sawa na mistari mingine. Mstari wa 2023 hauna jina.